Mgongo wa Mama

Rangi ilianzia shingoni. Kwanza kilitokea kitone kimoja chini ya nywele za mama, cheusi chenye ubluu, nikadhani ni mdudu. Kikaja cha pili pembeni yake, cha tatu, vikaungana, na kabla sijapata la kusema mgongo mzima ulikuwa umeanza kujichora wenyewe. Shangazi, ambaye mdomo wake haukuwahi kuchukua likizo, alinyamaza. Daktari naye alinyamaza, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Mama alikuwa ameketi juu ya kigoda katikati ya chumba cha pasi, shuka amelifunga kifuani, mgongo ametuelekezea sisi. Katika watu wote waliokuwapo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa haoni.

"Mbona kimya?" akauliza. "Kuna nini huko nyuma?"

 Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kizingiti, mahali pangu pa siku zote, fulana mbichi imenigandama kifuani.  Hadi leo, na mvi zimeshanianza kwenye vinywele hivi vichache nilivyojaliwa, sijapata kuona kitu kilichonishangaza kama kile.

Nilizaliwa sitoki jasho. Sisemi kwamba natoka kidogo, sitoki kabisa. Wenzangu joto likiwazidi hulowa, wakapoa, wakaendelea na shughuli zao bila hata kujua kwamba mwili umewatendea hisani. Mwili wangu haukupewa vifaa vya kazi hiyo. Nikikimbia, joto linajaa ndani na halina pa kutokea, uso unaiva, kichwa kinagonga, halafu magoti yanalegea nakwenda chini. Nywele zangu zilikuwa nyembamba na za kutafuta. Meno yalichelewa kuota, na yalipoota yalikuja machache tena yenye ncha, ndiyo maana shuleni waliniita Popo. Jina hilo sikulichukia sana, maana popo anaruka, na mimi kukimbia tu kulikuwa kunanishinda.

Dawa yangu ilikuwa maji. Kila asubuhi mama aliloweka fulana, akaikamua nusu, akanivika chini ya shati la shule. Nilikaa karibu na dirisha, chupa ya maji miguuni, na ikikauka fulana niliruhusiwa kwenda bombani kuilowesha tena. Mwalimu wa michezo aliniita mvivu mbele ya darasa zima, hadi mchana mmoja nilipoanguka mbele yake uwanjani, nimekuwa wa moto kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Tangu siku hiyo alikuwa akinibebea ndoo yeye mwenyewe, na mimi niliona aibu kuliko wakati ule alipokuwa akinitukana.

Na sisi, kati ya watu wote wa mji ule, tulikuwa madobi.

Mbele ya nyumba palikuwa na kaunta ya kupokelea nguo. Nyuma ya kaunta kilikuwa chumba cha pasi, na nyuma ya chumba cha pasi uwanja wenye mabeseni na kamba za kuanikia, kisha vyumba vyetu vya kulala. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani akija kama mgeni, amebeba zawadi na usingizi. Kazi yote ilikuwa ya mama na Shangazi, dada yake baba. Walisimama kwenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kila mmoja na pasi yake ya mkaa, huku pasi nyingine zikisubiri zamu ukutani, zimefumba midomo yake myekundu. Shangazi alikuwa akipiga mashuka na suruali. Kola na mikono ya mashati ilikuwa ya mama, kwa sababu hakuna aliyejua kukaza kola kwa wanga kama yeye. Kola ikitoka mikononi mwake ilikuwa inasimama bila kushikwa, nyeupe hadi inatia woga kuigusa.

Chumba hicho sikuruhusiwa kuingia. "Mwisho wako hapo, baba," mama alikuwa akiniambia, akionesha kizingiti kwa kidevu kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Aliniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Basi nikakaa hapo, kwenye sakafu ya saruji iliyokuwa na ubaridi, nikawa namtazama mama akitoka jasho jinsi watoto wengine wanavyotazama treni. Lilimtoka kwenye paji la uso, likashuka shavuni, likaning'inia kidevuni, naye akalifuta kwa bega bila kuinua pasi. Nilikuwa nashangaa: mtu anatoa wapi maji hayo yote, na anayatoaje bila kuumia? Nilizoea hata namna blauzi yake ilivyolowa, kwa vipandevipande, hapa imeganda na hapa imekauka kabisa. Ya Shangazi ilikuwa inalowa yote kama iliyotoka besenini. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nililotaka halikuwa pasi wala kola. Nilitaka mama anikumbatie akiwa bado wa moto. Alipotoka mle jioni nilimkimbilia, naye akarudi nyuma, mikono ameiinua juu kana kwamba nina rangi mbichi. "Subiri, baba. Subiri nipoe kwanza." Alikwenda kunawa, akakaa kwenye upepo, akaanza kupika, akaitwa kaunta na mteja. Mara nyingi alipopoa nilikuwa nimeshalala.

Sababu niliijua, maana mtoto anayelala sakafuni karibu na mlango husikia mengi. Mama aliamini kwamba alinikausha yeye. Ujauzito wangu wote alikuwa kwenye meza ile, tumbo limegusa ukingo, pasi ikipita mbele yake kutwa nzima, na uchungu ulimshika akiwa na shati la mtu mkononi. Nilipozaliwa na ngozi inayopasuka kama udongo wa kiangazi, Shangazi, kwa mdomo wake ule usio na breki, akasema, "Wifi, huyu umemkaanga tumboni." Alilisema mara moja, nusu mzaha, akalisahau. Mama hakulisahau. Alilichukua akaliweka pamoja na jambo lingine la kwao: mama yake mzazi alifiwa na mtoto wake wa mwisho, mchanga wa kiume, msimu wa joto, kwa homa iliyopanda hadi ikamchukua kabla jua halijazama. Watu walisema bibi alimfunika mno. Bibi aliishi na neno hilo hadi alipokufa, na tangu siku ile hakumfunika mtoto mwingine yeyote, awe wake au wa jirani.

"Sisi kwetu tuna mikono ya moto," mama alimwambia Shangazi siku moja. Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo, amefunika mdomo kwa kiganja kama kawaida yake, lakini mimi niliyekuwa chini niliyaona macho.

Daktari tulimpata kwa ajili ya ngozi. Nilikuwa najikuna hadi damu, na zahanati ilikuwa imeletewa daktari mpya wa magonjwa ya ngozi, mwanamke kijana mwenye miwani isiyotaka kukaa puani. Shangazi alitusindikiza kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kutokea mtaani bila yeye kuwapo. Daktari alinitazama ngozi, nywele, meno, vidole.  Halafu akamgeukia mama.

"Mama, hebu cheka."

"Nicheke nini, daktari?"

"Chochote. Nataka kuona meno."

Mama akaona aibu, mkono ukaenda mdomoni. Shangazi akamwinamia sikioni akamnong'oneza jambo, sijui lipi, lakini lilikuwa na jina la mwenye duka la jirani, pamoja na suruali aliyoileta kufuliwa, na mama akaangua kicheko hadi mkono ukasahau kazi yake. Daktari akainama kutazama. Pembeni mwa meno ya mbele palikuwa na pengo, na karibu na pengo kijino chembamba chenye ncha. Kilikuwa kama changu.

"Hapa jino liling'oka lini?"

"Halikung'oka," mama akasema, ameshafunika tena. "Halikuota."

Ndipo daktari akatueleza, taratibu, kwamba kuna hitilafu ambayo mama huibeba bila kuumwa, na mtoto wa kiume akiipata huipata yote. Alisema mama yangu huenda ana nusu yake. Alidhani anamtua mzigo. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe, lakini si kwa jambo ulilofanya. Ulizaliwa nayo."

"Daktari, mimi nimepiga pasi na mimba ya miezi tisa. Maneno ya kunifariji nimeshapewa mengi."

Nilimwona daktari akifikiri. Alikuwa na umri mdogo, na nadhani lilimkera kwamba haaminiwi. Akasema kitu hicho kinaweza kuonekana kwa macho. Unapaka mgongoni dawa ya vidonda, ile ya kahawia, iodini. Ikikauka unanyunyiza unga wa wanga. Kisha mtu anakaa kwenye joto, na penye jasho pote panageuka kuwa peusi, pakavu panabaki peupe. "Ila hapa sina wanga wala chumba cha joto. Nina feni tu."

Shangazi alimtazama daktari, akamtazama mama, akapiga makofi mara moja.

"Wanga na joto?" akasema. "Dada yangu, njoo kwetu, utachagua."

Daktari alikuja Jumamosi mchana, tulipokwisha kufunga kaunta, chupa yake ya iodini kwenye mkoba. Shangazi alishindilia mkaa kwenye pasi zote, akaweka pipa la maji yachemke, akafunga madirisha isipokuwa moja la juu la kutolea moshi. Mimi niliambiwa nigeukie uwanjani hadi mama akae na kujisitiri. Nilipogeuka, mgongo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Shangazi akachukua kitambaa chembamba, akakitia wanga mkavu, akawa anaugongagonga juu ya mabega ya mama kwa uangalifu ambao sikuujua kwake, akifunika kila mahali sawasawa, hadi mgongo ukawa mweupe kama kola.

"Unanitekenya, wifi."

"Tulia. Usipotulia nitakukunja nikuweke kabatini na mashuka."

Walicheka, lakini niliona vidole vya mama vikiuminya ukingo wa shuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa, na kwamba mgongo ule ukigeuka mweusi wote, kama mgongo wa mtu yeyote, ataendelea kurudi nyuma nikimkimbilia, maisha yangu yote.

Kisha kitone cha kwanza kikatokea.

"Jamani, si mniambie! Kuna nini?"

"Mwache mtoto aje akuambie," daktari akasema.

"Asikanyage humu! Daktari, huyu hawezi joto, utaniulia mtoto!"

Daktari hakubishana naye. Alitoka hadi nilipokuwa, akachota ndoo iliyokuwa chini ya bomba, akanimwagia yote kichwani. Nilipiga ukelele. Akachota nyingine. "Sasa utaweza kidogo," akaniambia. "Ukiona kizunguzungu, sema. Mimi nipo." Akanishika mkono nikavuka kizingiti.

Joto lilinipokea kama mtu aliyekuwa akinisubiri kwa muda mrefu. Lilikuwa na harufu ya mkaa, ya pamba, ya sabuni, na ya mama. Nilitembea huku nachuruzika hadi nyuma ya kigoda, na kwa karibu niliona kwamba ule mchoro haukuwa fujo. Kutoka uti wa mgongo ilishuka mistari kila upande, myeusi na myeupe kwa kupokezana, ikikutana katikati kama manyoya kwenye ubawa wa ndege, mmoja chini ya mwingine. Na ilipofika kiunoni ikajipinda kuelekea mbavuni, kwa ulaini wa maji yanapozunguka jiwe. Ilikuwa na mpango. Kuna aliyeipanga, au kuna kilichoipanga, na kilikuwa na wakati wa kutosha na mkono usiotetemeka. Mama alikuwa ameubeba mchoro huo tangu azaliwe, chini ya blauzi, kwenye foleni za maji na mbele ya wateja, na hakuna aliyewahi kuuona.

"Niguse basi, nijue ulipo," akasema.

Niliweka kidole shingoni, juu ya mstari mweusi, nikaufuata. Palikuwa na maji, panateleza. Kisha nikasogeza kidole hadi kwenye mstari mweupe, wanga ukakiparuza, na chini ya wanga ngozi ilikuwa kavu kabisa, laini, yenye joto la ndani lisilo na pa kutokea. Niliijua ngozi ile. Nilikuwa naivaa kila siku. Nilikuwa pale, mgongoni mwa mama, kwa vipande, kabla sijazaliwa, na furaha iliyonipata sijui niifananishe na nini. Nilikuwa nimedhani mwili wangu ni kosa la pekee duniani, halafu nikaukuta mahali unapotoka, na mahali penyewe palikuwa pazuri namna ile.

"Huu una maji," nikamwambia, nikipitisha kidole. "Huu hauna. Huu una maji. Huu ni kama mimi."

Vidole vya mama vikauachia ukingo wa shuka.

"Hii mistari," daktari akasema polepole, "ilipangwa ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Hukuwa bado na mikono ya kushika pasi."

"Tumboni mwa mama yangu."

"Ndiyo. Na yumkini naye alikuwa hivi hivi."

Mkaa ulipasuka ndani ya pasi moja. Mama aliinama, mistari yote ikanyooka pamoja naye, na alipozungumza hakuwa akizungumza nasi.

"Blanketi lilikuwa moja," akasema. "Lile lile alilonifunika mimi, na dada zangu, wote. Yule mtoto hakumzidishia." Akavuta pumzi. "Mama hakumfunika mno. Alimfunika kama sisi."

Akalia. Nimemwona mama akilia mara kadhaa maishani, lakini siku hiyo alilia kwa sauti ya mtoto anayemlilia mama yake, na hakuficha mdomo. Shangazi alinyakua shuka la kwanza lililokuwa mbele yake, jeupe, la mteja, limekwisha kupigwa pasi, akamfunika nalo mabega, akapiga magoti kwenye sakafu.

"Wifi, nilikwambia neno baya siku ile. Nisamehe."

"Ulisema mara moja," mama akajibu. "Mengine nilikuwa nikijiambia mwenyewe."

Kisha akageuka juu ya kigoda akanitazama, nimelowa chapachapa, namtazama na mimi. Nilisubiri aniambie nisubiri apoe. Alinyoosha mikono akanivuta. Shavu lake lilikuwa la moto, shingo ya moto, jasho lake likanishukia usoni na kuingia mdomoni, lina chumvi, nami nikang'ang'ania pale nisijue lipi ni lake na lipi ni maji ya ndoo. Daktari alituacha tukumbatiane. Baadaye akanigusa bega, akasema inatosha, huyu sasa ataiva, nikatolewa nje kichwa kinanigonga na moyo umejaa hadi pomoni.

Lile shuka lilikutwa limeshika mchoro. Haukuwa wote, yalikuwa mabega na kipande cha kati, bluu juu ya nyeupe, vimekwaruzana kidogo. Mama, ambaye hakuwahi kuliacha doa litoke dukani, alikimbilia sabuni, Shangazi akampokonya. "Hili silifui. Mteja nitamnunulia lingine." Alilitandaza kwenye kamba ya uwani, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa redio ya mtaa, majirani walikuja kuonyeshwa mgongo wa wifi yake kwa mkono uliochoka kuelekeza. Baba aliporudi safari doa lilikuwa limeanza kufifia lenyewe, ndivyo dawa ile ilivyo. Shangazi akamgeuza kaka yake kwa mabega, akamchorea mgongoni kwa kidole, mstari kwa mstari, hakuruka hata mmoja. Baba alisimama wima hadi akamaliza. Kisha akaenda akatoboa dirisha kubwa kwenye ukuta wa chumba cha pasi, karibu na mlango, na chini yake mama akaniwekea meza ndogo. Asubuhi, kabla mkaa haujakolea, alinifundisha kola.

Sikuwa dobi. Nikawa fundi wa majokofu, na watu wakijua sababu hucheka, nami huwaacha wacheke. Fulana mbichi bado navaa. Shuka lile liko kabatini kwangu, sasa jeupe tupu, na mke wangu ameshachoka kuniuliza kwa nini halitandikwi.

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule, ametoka kukimbizana na wenzake, akatupa mkoba mlangoni akainama kufungua viatu. Mama hakuwahi kumwona. Alitutoka mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Blauzi ya mtoto ilikuwa imelowa mgongoni, lakini si yote. Ilikuwa imelowa kwa mistari, inashuka kutoka katikati kwenda kila upande, na katikati ya mistari kitambaa kilikuwa kikavu. Nilikuwa nimejua tangu azaliwe kwamba itakuwa hivyo, daktari aliniambia. Hata hivyo nilisimama pale na kikombe mkononi, nikashindwa kukiweka chini.

"Baba, unaangalia nini?"

"Namwangalia bibi yako," nikasema.

Akageuza shingo kujaribu kujiona mgongo, akashindwa, akazunguka kama mbwa anayefuata mkia wake, akaanza kucheka. Nikamwita aje. Akasita, akajipepea na kola.

"Nina jasho, baba. Ngoja nipoe."

"Njoo hivyo hivyo," nikamwambia.